Foleni Isiyojua Mlango

Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa mkataji wa maboksi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kabla ya sura yake na kabla ya sauti. Kila boksi la tambi au la majani ya chai lililoingia katika chumba cha walimu liliishia mezani kwake. Alilikata kwa wembe kuwa vipande virefu vyembamba, akavifunga kwa mpira na kuvitia ndani ya droo. Sisi wanafunzi tulidhani ni ubahili tu. Sikujua kwamba baada ya miaka mingi ningevitumia vipande hivyo hivyo kumwondoa Garissa.

Nimelisema mapema ili msomaji asinidhanie vibaya, au asinidhanie vizuri. Nitamsifu mtu huyu, na kila sifa ni ya kweli, lakini anayemsifu ndiye aliyemharibia.

Kwao ni Mwingi, upande ule wa pili wa daraja la Tana, na kwetu watu wote wa upande ule ni watu wa 'down', wawe wametoka karibu au mbali. Alikuja kufundisha akiwa kijana, akakaa mpaka nywele zikaisha. Kisomali chake kilikuwa kibovu hadi mwisho. Lakini salamu alizijua zote, na alizitoa mfululizo bila kupumua: nabad, afya, watoto, mifugo, mvua, mpaka aliyesalimiwa akasahau alikuwa anakwenda wapi. Akina mama wauza maziwa ya ngamia walimwita macallin, ambalo ndilo neno letu la mwalimu, na walimwekea lita yake pembeni hata siku ambayo maziwa yalikuwa adimu. Hakuwa mnywaji wa maziwa ya ngamia, yalimvuruga tumbo. Aliyanunua kila siku kwa miaka ishirini na zaidi kwa sababu alishindwa kuwaambia, na alimgawia mlinzi wa shule.

Alikuwa Mkristo wa kusali kila Jumapili, na mwezi wa Ramadhani hakula mchana mbele ya mtu. Hakufunga, ila alijificha. Katika meza yake kulikuwa na droo yenye kibandiko kilichoandikwa kwa mkono wake VIFAA VYA JIOMETRI, na ndani yake hamkuwa na bikari hata moja. Mlikuwa na mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kikaratasi. Saa sita mchana alichukua yai moja, akaingia stoo ya vitabu, akafunga mlango, kisha akatoka akipangusa masharubu kwa uso wa mtu aliyekuwa akitafuta kitabu. Shule nzima ilijua. Hakuna aliyewahi kumcheka mbele yake, na mwaka mmoja wanafunzi wa kidato cha nne walimwekea kiti ndani ya stoo ile.

Kwa alama alikuwa mgumu kupindukia. Hamsini kwa hamsini hakumpa mtu yeyote. Ukifanya kila kitu sawa alikupa arubaini na tisa, na ukienda kuuliza ile moja iko wapi, alikujibu kwamba ameiweka, utaikuta ukirudi. Hakuchapa mtoto hata siku zile kiboko kilipokuwa cha kawaida. Aliyekosa alinyamaziwa. Angeweza kukunyamazia wiki nzima, akikupita kama nguzo ya bendera, na tuliomaliza mikononi mwake tutakwambia kwamba fimbo ingekuwa nafuu. Alipokusemesha tena hakutaja kosa lako. Alingoja ulitaje wewe.

Tabia hiyo ya kungoja ndiyo iliyoniponza mimi, na yeye pia.

Sasa nirudi kwenye vipande vya boksi. Alikuwa na kazi moja aliyoirudia kila mwaka na kidato cha tatu, na haikuwa kwenye silabasi. Alichagua wanafunzi watano au sita waliotoka sehemu mbalimbali, kila mmoja akapewa orodha ya vitu ishirini vya nyumbani, kijiko, mkeka, kibuyu, kamba, na akaambiwa aandike jina ambalo bibi yake hulitumia. Kisha tulihesabu. Wa Lafey na wa Elwak wanafanana kwa majina mangapi kati ya ishirini? Wa Elwak na wa Wajir? Idadi hizo tuliziandika kwenye jedwali, majina yetu yakiwa ubavuni na majina yale yale yakiwa juu, na pale mtu alipokutana na mwenzake tuliweka idadi yao. Pale mtu alipokutana na nafsi yake, Mwalimu aliweka nukta. Nukta hizo zilishuka mshazari, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili.

Mwanzoni jedwali lilikuwa fujo tupu, kubwa kando ya ndogo, ndogo kando ya kubwa. Hapo ndipo vipande vilipotoka kwenye droo. Kila jina lilipewa kipande chake, na tukaanza kuhamisha, huyu juu, yule chini, tukitafuta mpangilio mmoja tu: ule ambao idadi kubwa zinakaa jirani na nukta, na kadiri unavyoziacha nukta kwenda pembeni, idadi zinapungua. Zinaweza kutulia, lakini kupanda tena ni marufuku. Ukihamisha jina ubavuni, sharti ulihamishe na juu, na hapo wengi walikwama. Mwalimu alitufundisha kuanza na mtu wa ukingoni, yule asiyefanana sana na wengi. Huyo ukimpata, wengine unawapanga kwa ukaribu wao kwake, na wawili wakilingana unamwuliza wa tatu.

Tulipofaulu, majina yalijipanga yenyewe: Lafey, Elwak, Wajir, Habaswein, Garissa. Ilikuwa barabara yenyewe, vumbi na vizuizi vya polisi na yote, imetoka kwenye majina ya vijiko, na hakuna aliyekuwa ametaja barabara.

'Jedwali hili lina foleni,' Mwalimu alisema, na akaturuhusu tufurahi kwa dakika moja.

Kisha akanileta mimi. Nimezaliwa Balambala. Baba yangu alifuga, lakini bibi yangu mzaa mama alilima kando ya mto, na majina yake ya vitu yalikuwa ya huku na ya kule. Nilipoingizwa kwenye jedwali, kila kitu kikavurugika. Popote nilipowekwa, idadi zilipanda upya. Tulihamisha vipande mpaka kengele ikalia na mimi nikawa nimeona haya, nikidhani nimeharibu. Mwalimu alikuwa amefurahi kuliko nilivyopata kumwona. Alisema hili sasa halina foleni, na mtu akijua kutambua lisilo na foleni amejua nusu ya kazi, kwa sababu wapumbavu hupanga kila kitu. Alinipa arubaini na tisa siku ile, na sijui mpaka leo nilifanya nini cha kuistahili.

Kulikuwa na sheria moja ya mwisho, na ndiyo nzito. Jedwali likishapangika, aliligeuza lote juu chini. Wa mwisho akawa wa kwanza, wa kwanza akawa wa mwisho, na idadi zikaendelea kushuka vile vile kutoka kwenye nukta, bila kasoro. Alituuliza foleni imeanzia wapi, Lafey au Garissa. Tulibishana. Kisha akasema jedwali linajua foleni, halijui mlango uko upande gani, na anayetaka kujua mlango akatafute nje ya jedwali. Kwa hiyo kabla ya kuandika hitimisho lolote ilitubidi tusimame na kusoma majina kwa sauti, kutoka huku hadi kule, kisha kutoka kule hadi huku. Tulicheka kama mazuzu. Aliyecheka alirudia.

Nina hakika aliyapanga mambo mengi kwa njia hiyo akiwa peke yake. Siku moja, nilipokuwa bado chuoni na nimekuja kumsalimu, nilimkuta na jedwali la walimu wa shule yetu, nani ananywa chai na nani. Foleni ilikuwa imetoka vizuri: ukingo mmoja walimu Wasomali, ukingo wa pili walimu wa kutoka upande ule wa daraja, na yeye katikati kabisa. Alilitazama kidogo, akalichana, akaniambia nisimwambie mtu. Baadaye ukaja mwaka wa hofu ya usalama, na walimu wa ukingo ule wa pili wakaondoka karibu wote, wengine bila hata kuchukua magodoro. Yeye alibaki. Alipoulizwa kwa nini, alisema hajamaliza kusahihisha.

Niliporudi kutoka chuoni na kuajiriwa katika shule ile ile, shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, alinipokea langoni, akanipa mkono na kuniita 'mwalimu mwenzangu'. Hakuniita tena kwa jina langu, hata tukiwa wawili. Mimi nilishindwa kumwita chochote ila Mwalimu. Alinipa madarasa mawili yake na nusu ya meza yake, upande usio na mayai.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini mashine ya fotokopi ya shule ilipoharibika, wiki ya mtihani wa mock wa kidato cha nne. Karatasi ya hesabu aliitunga yeye. Alinikabidhi bahasha, akanituma duka la fotokopi mjini, na akanisisitizia jambo moja: nikae pale pale mpaka karatasi ya mwisho itoke.

Nilikaa. Kisha adhana ya alasiri ikaadhiniwa, na msikiti ulikuwa hatua chache kutoka dukani. Mwenye duka aliniona nikitazama mlango.

'Nenda uswali, walal, ndugu yangu,' aliniambia. 'Mimi nitaswali baadaye. Karatasi yako haitapotea.'

Nikaenda. Sijitetei kwa swala na wala siisingizii swala, maana ilikwisha upesi. Niliyechelewa ni mimi. Mlangoni pa msikiti nilikutana na rafiki niliyesoma naye chuoni, tukasimama kivulini tukiongea habari za mpira na harusi mpaka jua likasogea. Niliporudi dukani karatasi zilikuwa zimepangwa, bahasha imefungwa, ile ya asili iko juu. Kando ya mashine alikuwa ameketi Abdirizak, mpwa wa mwenye duka, ambaye jioni humsaidia mjomba wake na asubuhi ni mwanafunzi wangu wa kidato cha nne. Alinisalimia kwa adabu. Nilipomfikishia Mwalimu bahasha aliniuliza kama nilikaa mpaka mwisho. Nikasema nilikaa.

Tuliposahihisha, karatasi kumi na moja zilinuka. Makosa ya ajabu, ya aina ambayo watoto wawili hawawezi kuyabuni kila mmoja kivyake, yalikuwa yamejirudia kutoka karatasi moja hadi nyingine. Mwalimu mkuu aliogopa, kwa sababu wazazi walishaanza kusikia. Siku hiyo Mwalimu hakuwepo, alikuwa hospitali akipimwa macho, ambayo tayari yalikuwa yanamsumbua. Nikajitolea. Nikasema najua njia.

Nikafungua droo yake nikatoa vipande. Nilihesabu makosa yaliyofanana tu, kama alivyonifundisha, kwa kuwa jibu sahihi linaweza kumjia yeyote. Majina kumi na moja ubavuni, kumi na moja juu. Nilianza na mtu wa ukingoni, nikapanga, nikahamisha, nikamwuliza wa tatu pale wawili walipolingana. Likatoka. Sijawahi kuona jedwali safi namna ile, idadi zinashuka kutoka kwenye nukta kila upande bila hata moja kupanda. Nilifurahi. Naona aibu kuliandika neno hilo, lakini nilifurahi kama mtoto.

Ukingo mmoja alikaa Abdirizak, mwenye makosa mengi kuliko wote. Ukingo wa pili alikaa Halima, mwenye makosa matatu tu.

Halima alikuwa msichana mwenye akili kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha, na Mwalimu alikuwa akimfundisha bure kila alasiri, kwenye baraza la nyumba yake yeye Mwalimu, huku bibi yake Halima, ambaye sote tulimwita ayeyo, akiwa ameketi mkekani palepale akisuka kamba na kusikiliza aljebra asiyoielewa. Mji mzima ulilijua baraza lile. Kwa hiyo foleni ilisomeka vizuri mno: karatasi imetoka kwa Mwalimu, ikaingia barazani, Halima akaipata ikiwa safi, akampa jirani, jirani akampa jirani, na kila aliyenakili akaongeza kosa, mpaka ikamfikia Abdirizak ikiwa imechakaa.

Inasomeka vile vile kutoka upande wa pili. Karatasi imetoka dukani. Abdirizak ameifanya vibaya, akaipitisha, na kila mwenye akili kidogo aliyeipokea akasahihisha makosa mawili matatu kabla ya kuinakili, mpaka ikamfikia Halima, ambaye alisahihisha karibu yote. Makosa huweza kuongezeka njiani, na huweza kupungua njiani.

Niliisoma pande zote mbili. Hili sijawahi kumwambia mtu. Nilikaa na jedwali lile mezani kwake nikasoma kimoyomoyo kutoka kwa Halima, kisha kutoka kwa Abdirizak, na nilipofika upande wa Abdirizak niliona duka, na nyuma ya duka nikajiona mimi nimesimama kivulini naongea habari za harusi. Nikaligeuza. Kwa mwalimu mkuu nikapeleka upande mmoja, ule wa kuanzia barazani.

Bodi ya shule ilikutana wiki ile ile. Nililieleza jedwali kwa ufasaha ambao ungempendeza Mwalimu kama lingekuwa jambo jingine. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Kisha wakampa Mwalimu mwenyewe vipande. Alivisogeza vipande mpaka karibu na pua, akavipitia kimoja kimoja kwa kidole, kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenyekiti alianza kukohoa.

'Jedwali ni sahihi,' alisema mwishowe. 'Foleni ipo.'

Mwenyekiti akamwuliza kama basi anakubali.

'Nakubali jedwali.'

Halafu akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia jinsi alivyotuangalia darasani baada ya kuligeuza juu chini, akingoja nisimame na kusoma kutoka upande wa pili. Ningeweza. Sentensi moja ingetosha. Nilitazama viatu vyangu, na katibu akaandika kwamba mwalimu amekiri.

Hawakumfukuza, walimshauri. Waliingiwa na haya kwa sababu ya miaka yake, wakamwambia aombe uhamisho au astaafu mapema, jambo liishe kimya kimya. Akastaafu. Aliniachia ufunguo wa meza, na nilipofungua droo nilikuta mayai mawili na mpira uliofunga vipande kumi na moja, vikiwa vimepangwa nilivyovipanga. Alikuwa amevigeuza tu. Abdirizak alikuwa juu.

Wiki chache baadaye ayeyo alikuja hadi langoni mwa shule na kamba yake mkononi, akauliza macallin yuko wapi, mbona hakuaga watu. Nilimwambia amestaafu, amekwenda kwao kupumzika. Alimwombea dua ndefu palepale, nami nikaitikia amin. Halima alifanya mtihani wa mwisho bila baraza na bila mwalimu. Alipita, lakini si kwa alama zile tulizokuwa tukizingoja, na udaktari aliokuwa akiutaja ukabaki kuwa neno.

Mimi nilipanda. Nikawa mkuu wa idara ya hesabu, nikawa naibu mwalimu mkuu. Nilimrithi Mwalimu hata katika jedwali. Kila mwaka niliwagawia kidato cha tatu vipande, nikawapanga Lafey mpaka Garissa, wakashangaa kama tulivyoshangaa. Ila ile sheria ya mwisho niliiacha. Nilijiambia inakula muda wa kipindi. Wanafunzi wangu wamemaliza shule wakidhani foleni ina upande mmoja.

Mwaka huu, miaka tisa baadaye, niliingia duka la dawa kumnunulia mama yangu matone ya macho, na aliyekuwa nyuma ya kaunta alikuwa Halima, mama wa watoto wawili, bado na macho yale makali. Alinipa dawa, akanieleza matone mangapi na saa ngapi. Kisha hakuniacha niondoke.

'Mwalimu, mimi nilikuwa wa mwisho,' alisema. 'Ile karatasi ilinifikia asubuhi ya mtihani wenyewe. Nilisahihisha nilipoweza, nikaacha matatu kwa sababu kengele ililia. Macallin aliniuliza siku ile aliyotoka hospitali. Nilimwambia yote, kuanzia duka.'

Nilimwuliza Mwalimu alisemaje.

'Alisema nisome tu. Alisema kuna mtu mwingine wa kulisema.'

Alishusha mtandio wake vizuri, akamhudumia mteja aliyefuata. Hakuwa na hasira nami, na hilo lilinichoma zaidi. Nilirudi nyumbani, nikamtia mama matone, nusu yakamwagikia shavuni.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mwingi. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, ameketi kwenye kigoda, ungo wa ndengu mapajani. Alikuwa akichagua mawe kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilisalimia. Aliinua uso, akaanza: nabad, afya, mama, watoto, mifugo, mvua, zote, kwa Kisomali kile kile kibovu, na mimi nikazijibu moja moja. Akauliza habari za ayeyo. Nikamwambia amefariki mwaka jana. Alisimamisha vidole ndani ya ndengu kwa muda, kisha akaendelea.

Mkewe alileta chai. Nilianza maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, kwamba nimekuja kuomba radhi, kwamba sijalala vizuri. Alinikatiza.

'Umekuja na jedwali?'

Nilikuwa nalo. Vile vipande kumi na moja vilikuwa mfukoni mwa shati langu na mpira wake.

'Lisome, mwalimu mwenzangu. Mimi sioni namba tena.'

Nikalisoma. Nilianza na Halima kwa mazoea, nikashuka jina kwa jina, na idadi zake, mpaka Abdirizak. Alisikiliza huku akitupa vijiwe chini.

'Sasa upande wa pili.'

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasoma kutoka kwa Abdirizak, majina yale yale, mpaka Halima.

'Kabla ya Abdirizak?'

'Duka la fotokopi.'

'Na kabla ya duka?'

Kuku walikuwa wakidonoa ndengu zilizoanguka miguuni pake. Niliwatazama kuku. Nilikuwa nimevitazama viatu vyangu miaka tisa iliyopita, na sikutaka kurudia, kwa hiyo nikainua macho nikamtazama yeye, ambaye hakuweza kuniona.

'Mimi,' nikasema. 'Sikukaa pale dukani. Nilikwambia nilikaa, na haikuwa kweli. Na pande zote mbili nilizisoma kabla ya bodi.'

Alitikisa ungo kidogo kusawazisha ndengu.

'Nilingoja useme pale pale,' alisema. 'Kisha nikangoja wiki ile, kisha mwezi. Ningesema mimi, ungefukuzwa ukiwa na miezi mitatu, na usingekuwa umejifunza kitu. Nilikosea hesabu. Sikudhani utachukua miaka tisa.'

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Alikunywa chai yake yote, akageuza kikombe kuhakikisha kimekwisha.

'Ukisoma hivi, nani mwingine amekusikia?'

'Hakuna.'

'Bodi bado inakutana katika chumba kile?'

'Kile kile.'

'Basi haya ya leo yalikuwa mazoezi,' alisema, na akarudi kwenye mawe yake.

Bodi inakutana Alhamisi. Mwenyekiti ni mwingine, wajumbe wawili tu ni wa siku zile, na anayeandaa ajenda ni mimi. Nimeliweka jambo hili la kwanza, na mwalimu mkuu ameniuliza mara mbili ni la nini. Halima amesema atakuja. Haya yote nimeyaandika kwanza, nikipitia pale dukani mpaka hapa, kwa sababu najijua. Nikisimama mbele yao mikono mitupu, nitaanza tena upande wa Halima.